Mbinja za Duisburg

"Mjomba, usipige mbinja humu, watu wanakutazama."

Sikujua kama napiga. Tulikuwa ndani ya tramu namba 901, chini ya ardhi, pale kituo kikuu cha treni cha Duisburg, na mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa amenishika mkono wa shati kana kwamba yeye ndiye mkubwa. Amezaliwa Ujerumani. Kiswahili amekipata kwa mama yake, na adabu za Kizimkazi amezipokea kwa simu kutoka kwa bibi yake, kwa hiyo anajua fika kwamba kwetu mbinja haipigwi usiku, utaita nyoka, wala haipigwi ndani ya nyumba. Tramu si nyumba, lakini ina paa. Nikanyamaza.

Dada yangu, kiti cha mbele, alikuwa hajamaliza kunicheka tangu asubuhi. Nilikuwa nimekuja Köln kwa wiki tatu za mafunzo ya ufundi wa sauti, kazi ninayoifanya redioni Dar es Salaam, na Jumapili yangu ya mapumziko yeye alikuwa ameipangia ratiba: mto, bandari, halafu wali wa nazi nyumbani kwake. Mimi nikasema nataka kwenda kuwasikiliza pomboo.

"Umetoka Kizimkazi," alisema, "umepanda ndege saa zote zile, uje uangalie pomboo kwenye bwawa la Wajerumani? Mdogo wangu, wewe ni mtu wa Pemba anayekwenda Ulaya kununua karafuu."

Alikuwa na haki. Kwetu, kusini ya Unguja, pomboo ndio waliojenga nyumba za mabati na kulipa ada za skuli tangu watalii walipoanza kuja kuwaangalia miaka ya mwanzo ya 1990. Nimewaona tangu sijajua kuogelea. Lakini kuona si kusikia, na mimi riziki yangu iko masikioni. Jambo ninalolijua kuhusu namna pomboo wanavyoitana sikulipata baharini kwetu. Lilipatikana katika bwawa moja katikati ya nchi ya chuma na makaa, mbali kabisa na bahari, na bwawa lenyewe liko vituo vichache tu kutoka nyumbani kwa dada.

Duisburg ni mji wa kazi. Hapo mto Ruhr unaingia mto Rhine, na bandari yake ya ndani ya nchi husemwa kuwa kubwa kuliko zote za aina hiyo duniani. Makontena yamepangwa kama ya Kurasini, Dar es Salaam, ila hakuna harufu ya chumvi. Tramu ilipotoka ardhini, mzee mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akisikiliza mazungumzo yetu bila kuyaelewa alimwuliza mpwa wangu tunakwenda wapi. Mtoto akamjibu. Mzee akatabasamu, akaanza kusimulia, na mpwa wangu akawa mkalimani, akiruka maneno yaliyomshinda.

Mwaka 1966, alisema mzee, yeye akiwa na umri kama wa kijana huyu, nyangumi mweupe alipanda mto Rhine kutoka baharini mpaka hapa. Mabaharia wa mashua za mizigo waliomwona wa kwanza walikwenda kutoa taarifa kwa polisi wa mtoni, na polisi wakawapima kwanza kama wamelewa. Nyangumi alikuwa wa kweli, aina ya beluga. Mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Duisburg wa wakati huo, Wolfgang Gewalt, alimfukuza kwa nyavu na mishale ya dawa ya usingizi, akitaka kumweka bwawani, na watu wakamkasirikia. Mnyama yule akawachenga wote. Alifika hadi Bonn, uliokuwa mji mkuu wa Ujerumani Magharibi, ambako waandishi wa habari waliuacha mkutano na serikali wakakimbilia ukingoni kumtazama. Katikati ya Juni akarudi baharini kwa hiari yake.

"Anasema alilia," mpwa wangu akatafsiri, kisha akajirekebisha. "Si nyangumi. Yeye. Yeye ndiye alilia nyangumi alipoondoka."

Ningetamani mzee yule angemsikia beluga huyo, maana mabaharia wa zamani waliwaita kanari wa baharini kwa wingi wa sauti zao. Miaka ya 1980, huko San Diego, Marekani, beluga mmoja wa mradi wa jeshi la majini, aliyeitwa NOC, alianza kutoa sauti zilizofanana na watu wawili wanaozungumza mbali kidogo, mahali usipoweza kushika maneno. Siku moja mzamiaji alitoka majini akawauliza wenzake nani amemwambia atoke. Hakuna aliyemwambia. Ni nyangumi. Mtafiti Ridgway na wenzake waliichapisha habari hiyo mwaka 2012, na nilipousikia mkanda wake kwa mara ya kwanza nywele zilinisimama.

Tukashuka. Bustani iko kwenye kilima cha Kaiserberg, imepasuliwa na barabara kuu ya A3, na pande mbili zimeunganishwa kwa daraja lililopandwa miti hadi unasahau kwamba chini yako malori yanakwenda Uholanzi. Sikusahau. Kwa mtu wa sauti ile barabara ni bahari yenye kusi la mwaka mzima. Dada alitaka kuwaona koala, tukawaona koala, wamelala, basi.

Ukumbi wa pomboo una paa, joto na unyevu wa jikoni, na harufu ya samaki ambayo ilimfanya dada avute pumzi ndefu na kusema, "Forodhani," kana kwamba tuko kwenye soko la usiku la Unguja. Tukakaa safu ya katikati. Nikatoa kinasa sauti changu kidogo, nikavaa hedifoni, nikafumba macho. Nilichosikia kwanza ni pampu: mvumo wa chini, usiokata, wa mashine zinazozungusha na kusafisha maji. Halafu watoto. Halafu, pomboo mmoja alipotoa kichwa nje mbele ya mtunzaji wake, sauti ya kukwaruza iliyopanda juu ghafla, kama mlango wa zamani wenye bawaba kavu. Watu wakapiga makofi.

Hapo kuna kichekesho ambacho nilikuwa nakijua kabla ya kulipa kiingilio: nimesafiri kuja kusikia kitu ambacho karibu chote kinasemwa chini ya maji, na mimi niko juu. Pomboo hana nyuzi za sauti kama zetu. Chini ya tundu la pumzi, utosini, ana midomo midogo ya nyama ambayo hewa ikipita inatetemeka. Sauti inapitia kwenye pande la mafuta kipajini na kutoka mbele. Mdomo haufunguki. Lile tabasamu linalowafanya watu wawapende ni umbo la taya tu, na hata akiumwa atatabasamu. Anasikia kwa taya la chini, ambalo nalo lina mafuta yanayopeleka sauti hadi sikio la ndani. Majini sauti hukimbia kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne kuliko hewani, kwa hiyo bwawa zima ni chumba kimoja kidogo.

Sauti zenyewe ni za namna mbalimbali. Kuna milio mifupi mifupi ya kutatarika, ya kutafutia njia na samaki, ambayo sehemu kubwa iko juu kabisa ya uwezo wa sikio la mtu; sisi tunaishia kilohezi 20 tukiwa vijana, wao wanasikia hadi kama 150. Kuna milipuko ya kugomba, ambayo mwenye mtoto hahitaji mtaalamu kumfafanulia. Na kuna mbinja, hizi zinazopanda na kushuka, nyingi zake zikiwa ndani ya masikio yetu. Ukiichora mbinja kwenye kompyuta, muda ukienda kushoto kulia na wembamba wa sauti ukienda chini juu, unapata mstari. Wa mmoja ni kilima kimoja. Wa mwingine ni mawimbi matatu na mkia. Mwaka 1965 Melba na David Caldwell waliandika katika jarida la Nature kwamba kila pomboo waliyemrekodi ana mstari wake, na anaurudia huo huo.

Mwaka ule ule wa 1965, kisiwani St. Thomas katika Karibi, mradi wa mtafiti John Lilly ulikuwa ukifanya kinyume chake. Nyumba iliingizwa maji ya kimo cha magoti, na mwanamke kijana, Margaret Howe, akaishi humo na pomboo dume aitwaye Peter, akimfundisha Kiingereza. Peter alijitahidi. Herufi ya M ilimpa taabu sana, kwa kuwa hana midomo ya kufumba. Kila nikisoma habari ile napata hasira isiyo na mtu wa kumtupia: mnyama mwenye lugha ya mbinja anafungiwa ndani na mwalimu ili atamke jina la mwalimu, na mbinja yake mwenyewe hakuna aliyeona haja ya kuitamka. Na Duisburg nayo, ambayo ilikuwa ya kwanza Ujerumani kuwa na bwawa la pomboo, ililifungua mwaka huo huo wa 1965. Sijui niseme ulikuwa mwaka mzuri au mbaya kwao.

Sasa niseme kilichonileta. Vincent Janik na Peter Slater, wa Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskoti, walitega maikrofoni za majini katika mabwawa ya Duisburg, palipokuwa na pomboo wanne, na mwaka 1998 wakachapisha walichokipata. Hawakumfunga mtu wala kumtenga. Walingoja tu. Mabwawa yameunganishwa, na mara kwa mara pomboo mmoja kwa hiari yake aliogelea akaingia bwawa la pembeni, akawaacha wenzake. Wote wanne wakiwa pamoja walipiga mbinja za kila namna, lakini zile za utambulisho, zile za mstari wa mtu binafsi, zilikuwa chache mno. Mmoja akishapita mlangoni, basi. Yeye alianza kupiga mbinja yake, na waliobaki nao wakaanza kupiga za kwao. Akirudi, wananyamaza nazo.

Yaani wakionana hawaitani. Hata yule aliyeondoka, kumwiga mbinja yake ili kumrudisha, lilikuwa jambo la nadra. Kila mmoja alijitaja yeye: niko hapa, mimi huyu, niko hapa.

Nimesoma utafiti ule mara nyingi kuliko mkataba wangu wa kazi, na kila mara nafikiria nyumba yetu. Mama yangu hakumwita baba kwa jina. Alimwita kwa jina la mtoto wa kwanza, baba wa fulani, na baba naye alimwita mama wa fulani. Mimi dada yangu huyu ni Dada, tangu nianze kusema. Ukiniamsha usiku ukaniuliza jina lake itabidi nifikiri. Kijana huyu ni mwanangu au mpwa wangu, na mimi ni Mjomba. Majina tumepewa, yameandikwa katika vyeti, na ndani ya nyumba hayana kazi.

Siku moja ya kusi, nikiwa na miaka kama saba, ngalawa ya baba haikurudi na nyingine. Giza likaingia. Wanawake walishuka ufukweni na kandili, upepo ukizizima moja moja, na mama akaingia majini mpaka kiunoni akaanza kuita. Aliita jina la baba. Jina lake hasa, na la babu yangu nyuma yake, kama alivyoandikwa katika kitambulisho. Sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake, na kwa muda sikujua anamwita nani. Baba aliingia alfajiri, tanga limechanika, amepiga kafi usiku kucha. Mama akamtazama akamwambia, "Baba wa fulani, uji uko tayari." Jina likarudi lilikokuwa.

"Mjomba, unalia kama yule mzee wa tramu?"

"Jasho," nikamwambia. "Ukumbi una joto."

Mtunzaji alikuwa amesimama ukingoni na filimbi mdomoni. Kila pomboo alipofanya lililotakiwa, filimbi ililia mara moja, fupi, bapa, sauti isiyopanda wala kushuka. Maana yake umepatia, njoo uchukue samaki. Nilimwomba mpwa wangu anisaidie kuihesabu, akaacha baada ya 30. Fikiria mtoto wa pomboo anayezaliwa mahali pa namna hii. Mtoto hazaliwi na mbinja yake. Anaitengeneza katika miezi ya mwanzo kwa kusikiliza sauti zinazomzunguka na kujichongea iliyo tofauti. Mwaka 2002 Jennifer Miksis, Peter Tyack na John Buck walilinganisha mbinja za pomboo waliokulia mabwawani na za pomboo huru wa Sarasota, Florida. Za mabwawani zilikuwa bapa zaidi. Zilikaribiana na filimbi ya watunzaji.

Sijui kama lipo neno la kusikitisha kuliko hilo katika habari yote ya pomboo na watu. Wanaoteswa wana watetezi wao, na hata siku ile walikuwepo watu nje ya baadhi ya mabwawa ya Ulaya wakishika mabango. Ujerumani yenyewe iliyowahi kuwa na mabwawa mengi imebakiwa na mawili, hili na la Nürnberg. Lakini filimbi haikumtesa mtu. Ilikuwa ni sauti ya chakula, sauti njema kuliko zote za siku, na mtoto akaona hivi ndivyo kiumbe anavyosikika. Nimeona watoto wa kwetu waliozaliwa Ulaya wakitamka majina yao wenyewe kama walimu wao wanavyoyatamka. Sikumtazama mpwa wangu nilipofikiri hivyo.

Yeye alikuwa na swali lake. Mtunzaji alikuwa amewatambulisha pomboo kwa majina, na watu wamewapungia mikono. "Hayo majina wanayajua?"

"Wanajua kwamba sauti ile ni yao. Lakini wana jina jingine, la kwao wenyewe."

Alifikiri. "Kama mimi. La skuli na la nyumbani."

"Kama wewe."

"Na la nyumbani mtunzaji hawezi kulisema."

Hawezi, kwa mdomo. Kwa spika anaweza. Mwaka 2013 Stephanie King na Janik waliwachezea pomboo huru wa pwani ya mashariki ya Uskoti nakala za mbinja zao wenyewe, zilizotengenezwa kwa kompyuta, na waliosikia yao walijibu kwa kuipiga. Waliosikia za wageni hawakujishughulisha. Mwaka huo huo Jason Bruck akaja na jambo ambalo mabwawa peke yake yangeweza kulionyesha. Pomboo wa Marekani hupelekwa huku na huko kati ya bustani kwa ajili ya kuzaliana, na kumbukumbu huandikwa nani aliishi na nani, lini, kwa muda gani. Baharini huwezi kupata daftari la namna hiyo. Bruck aliwachezea pomboo 43 mbinja za waliowahi kuishi nao na mbinja za wasiowajua. Za wasiowajua ziliwachosha upesi. Za wenzao wa zamani ziliwafanya wasogee kwenye spika, waikaribie, wengine waipigie mbinja.

Kuna majike wawili katika habari hiyo. Allie na Bailey waliishi pamoja Florida Keys wakiwa wadogo, mmoja na miaka miwili, mwingine minne. Wakatenganishwa. Bailey akafikia Bermuda, Allie akafikia bustani ya Brookfield karibu na Chicago. Miaka 20 na nusu ilipita. Bruck alipomchezea Bailey mbinja ya Allie, aliitambua. Wakati ule ilikuwa kumbukumbu ndefu kuliko iliyowahi kuthibitishwa kwa mnyama yeyote asiye mtu katika mambo ya kijamii, waliandika magazeti, na mimi sikuwa na la kuwapinga. Ila Bailey baada ya kuisogelea spika hakumkuta Allie. Alikuta spika. Hilo magazeti hayakuliandika.

Onyesho likaisha, watu wakatoka kwenda kununua viazi vya kukaanga. Nilimwomba dada dakika kumi, nikabaki na kinasa sauti. Mtunzaji aliyekuwa akiosha ndoo alinitazama, akaona hedifoni, akaniacha. Mtu wa ufundi humjua mwenzake. Pampu ikavuma. Maji yakatulia hadi pomboo wakawa vivuli. Na hapo, kwa kuwa hakuna tena makofi, nikaisikia mara mbili: nyembamba, ya mbali, kama mtu anayepiga mbinja nyuma ya ukuta wa jirani. Ilipita kwenye uso wa maji ikanifikia imechoka. Sikuweza kujua ni mbinja ya jina au ya mazungumzo tu, wala kama kuna aliyekuwa amekwenda bwawa la pembeni. Kwenye mkanda imebaki kama nukta mbili za kijivu juu ya mvumo wa mashine. Ndiyo mavuno ya safari nzima.

Usiku kwa dada sikulala upesi. Nilikuwa nawaza habari ya Ufaransa, mahali paitwapo Planète Sauvage, karibu na Nantes. Pomboo watano wa pale walikuwa wakifanya onyesho mchana kwa muziki uliochanganywa na sauti za ndege wa baharini na wimbo wa nyangumi wenye nundu. Watafiti wakiongozwa na Dorothee Kremers waliweka maikrofoni usiku, wakati wa mapumziko, na mwaka 2011 wakaeleza kwamba pomboo wale walitoa sauti zisizo za pomboo. Zilifanana na za nyangumi wale wa kwenye muziki. Wamezaliwa mabwawani, hawajapata kukutana na nyangumi. Bibi yangu angesema ndiyo hayo ya kupiga mbinja usiku. Umeita, na kimekuja kitu usichokijua.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Kizimkazi Mkunguni, saa kumi na moja alfajiri, kabla boti za watalii hazijawashwa. Mzee aliyenichukua ni rafiki wa marehemu baba. Tunamwita Ami, na sitamtaja zaidi ya hapo. Katika ujana wake alivua papa, na chambo cha papa kilikuwa nyama ya pomboo. Walifanya hivyo hadi katikati ya miaka ya 1990, na hasemi kwa majuto wala kwa kujivuna. "Ndiyo ilikuwa kazi," anasema. Siku hizi mwanawe ana boti ya watalii.

Maikrofoni yangu ya majini nimeitengeneza mwenyewe kwa kisahani cha shaba, kile cha ndani ya kengele ya elektroniki, nilichokizamisha katika gundi isiyopitisha maji na kukifunga kwa waya mrefu. Si kifaa cha chuo kikuu. Nilikishusha mita nne, nikasikiliza, na jambo la kwanza lilikuwa kelele. Bahari ya kwetu inatatarika kama bisi kaangoni, usiku na mchana, kwa sababu ya kamba wadogo wa miambani wanaofyatua magando yao. Baada ya mvumo wa bwawa, ilikuwa kama kutoka mochwari na kuingia sokoni.

Pomboo wetu si wale wa Duisburg. Ni binamu zao wa Bahari ya Hindi, wembamba kidogo. Watafiti wamewarekodi na kulinganisha mbinja zao na za wenzao wa Plettenberg Bay, Afrika Kusini. Walikuja kutoka upande wa mwamba, kama saba, wakaenda taratibu. Katika hedifoni zikaingia mbinja, tano, sita, zikipishana, kila moja na mpando wake. Hakuna iliyokuwa bapa. Nikamvalisha Ami hedifoni juu ya kofia yake ya kiua.

Alikaa kimya muda mrefu, mkono mmoja umeshika kafi. Kisha, bila kunitazama, "Zamani tulikuwa tunaweka sikio kwenye mpini huu. Unasikia, lakini si hivi." Akanyamaza tena. Pomboo walikuwa wamepita, isipokuwa mmoja aliyebaki nyuma yetu, upande wa Dimbani. Niliona pezi lake likitokea, likizama.

"Huyu anarudia kitu kimoja," alisema Ami.

"Cha namna gani?"

Akainua kidole akakichora hewani: juu, chini kidogo, juu tena, kisha mkia mrefu wa kuanguka. Akakichora mara ya pili, sawasawa na ya kwanza. Mara ya tatu.

Ufukweni injini ya kwanza ikawaka, ya mwanawe au ya jirani, halafu ya pili, na boti tatu zikatoka kwa pamoja zikiwa na watu waliovaa majaketi ya kuokolea ya rangi ya chungwa. Nikanyoosha mkono nizipokee hedifoni, maana najua injini inavyoumiza masikio ndani ya kifaa kile. Ami alinizuia kwa kiganja. Alikuwa ameinamisha kichwa, macho amefumba, na kile kidole bado kiko juu, kinangoja.